Homa katikati ya hedhi: jinsi ya kutambua mapema mshtuko wa sumu

"Nesi, nimelala na tamponi mpaka asubuhi. Nitakufa?"

Swali hili naletewa mara kwa mara. Leo ni binti wa chuo aliyeanza kutumia tamponi, kile kipande cha pamba chenye kamba kinachowekwa ukeni kufyonza damu ya hedhi, ili asikose mazoezi ya kuogelea, kesho ni mama aliyenunua kikombe cha hedhi, kinachowekwa ukeni kukinga damu, akakisahau tangu jana yake. Na lipo jingine linalolifuata: "Niko kwenye siku zangu na nina homa. Ni malaria, au ni ule ugonjwa wa tamponi?" Nimewajibu mmoja mmoja kwa muda mrefu. Sasa naandika yote mahali pamoja, uyasome ukiwa mzima, maana siku ukiumwa hutakuwa na nguvu ya kutafuta.

Swali la kwanza jibu lake ni hapana. Kusahau tamponi usiku mmoja hakukuui. Itoe, vaa pedi, jiangalie kwa siku mbili tatu. Mshtuko wa sumu, huo wanaouita ugonjwa wa tamponi, ni ugonjwa wa nadra sana, na wanawake wengi watatumia tamponi au kikombe maisha yao yote wasiuone. Ila ukija unakuja kwa kasi. Mtu anaamka akihisi kama mafua, jua likizama presha imeshuka na hawezi kusimama. Anayeuwahi mara nyingi hupona. Kuuwahi huko ndiko ninakotaka ukujue.

Kidogo tu kuhusu unavyotokea. Kuna bakteria aina ya stafilokokasi anayeishi puani na kwenye ngozi za watu wengi, na kwa baadhi ya wanawake ukeni, bila kuleta shida yoyote. Damu ya hedhi ikikaa ndani, pamoja na hewa inayoingia na tamponi au kikombe, bakteria huyo anaweza kuanza kutengeneza sumu. Sumu ndiyo inayoingia kwenye damu na kuyumbisha mwili mzima. Watu wazima wengi wana kinga dhidi ya sumu hiyo. Wanaokosa ni vijana zaidi. Kwa hiyo binti wa miaka 16 yuko hatarini kuliko mama yake mwenye miaka 45, hata wakitumia pakiti moja.

Ugonjwa huu ulijulikana sana mwaka 1980 huko Marekani, ambako kwa mwaka huo mmoja ziliripotiwa kesi zaidi ya 800 zilizohusiana na hedhi, na wanawake 38 wakafariki. Zilizohusishwa zaidi ni tamponi zenye uwezo mkubwa mno wa kufyonza, na aina moja iliyoitwa Rely iliondolewa sokoni Septemba 1980. Kesi zilipungua baada ya hapo, lakini hazikuisha.

Huku kwetu wanaotumia tamponi ni wachache; wengi tunatumia pedi, na wengine vitambaa. Uchache huo una hatari yake: mhudumu anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kumwona mgonjwa wa namna hii. Akija msichana ana homa, anatapika na mwili unamuuma, atapimwa malaria, atapimwa taifodi, atapewa dawa na kurudishwa nyumbani. Hakuna atakayemuuliza kama ana kitu ukeni, na yeye ataona haya kusema. Hapo ndipo maisha yanapopotea, na hapo ndipo sentensi moja kutoka kinywani mwako inapoweza kubadilisha kila kitu. Nitakupa sentensi hiyo kwenye hatua ya 7.

Vitu vya kuwa navyo kabla

Kama unatumia tamponi, kikombe cha hedhi, au chochote kinachoingia ndani, weka hivi karibu tangu leo:

- Kipimajoto. Cha kidijitali kinauzwa kwenye maduka ya dawa. Mkono wa mama kwenye paji la uso si kipimo.
- Sabuni, maji safi na pakiti ya pedi, hata kama hupendi pedi.
- Simu yenye tochi na saa.
- Kalamu na karatasi, au sehemu ya kuandika kwenye simu.
- Nauli ya taksi au bajaji iliyotengwa, pamoja na kadi yako ya bima kama unayo.
- Mtu mmoja anayejua kwamba unatumia tamponi au kikombe. Dada, mama mdogo, rafiki wa chumba kimoja, matroni wa bweni. Asiwe mtu utakayeanza kumweleza ukiwa na homa ya nyuzi 39.

Hilo la mwisho wengi wanaliruka. Tafadhali usiliruke. Mwaka 2012 mwanamitindo Lauren Wasser wa California alijisikia kama ana mafua, akaenda kulala peke yake nyumbani. Alikutwa sakafuni, homa imepanda kupita kiasi. Alipoteza mguu wa kulia, na mwaka 2018 wa kushoto nao ukakatwa. Mwenyewe amesimulia kwamba siku ile alikuwa akibadilisha tamponi kama kawaida. Kwa hiyo usijiambie "mimi nabadilisha kwa wakati, haiwezi kuwa hiyo."

Hatua kwa hatua

Anza hatua hizi mara tu unapojisikia vibaya ghafla ukiwa kwenye hedhi, au ndani ya siku chache baada ya kumaliza. Mara nyingi dalili huanza siku ya tatu hadi ya tano. Zote kwa pamoja hazizidi dakika kumi na tano.

1. Andika saa. Leo ni siku ya ngapi ya hedhi? Umeweka nini ndani, na saa ngapi? Dalili ya kwanza imeanza lini? Andika kabla hujafanya lingine. Homa ikipanda akili huchanganyikiwa, na karatasi hiyo itasema kwa niaba yako.

2. Toa kilichomo ndani. Nawa mikono kwa sabuni. Chuchumaa au weka mguu mmoja juu ya ndoo iliyofunikwa. Tamponi, vuta kamba polepole kufuata upande iliyoelekea. Kikombe, usivute kile kishikio cha chini; minya kitako chake mpaka hewa ipite, ndipo ukitoe, la sivyo kinanata na kuumiza. Vaa pedi. Usiweke tamponi nyingine.

*Kosa la kawaida:* kukimbilia kujisafisha ndani kwa sabuni, dettol, siki au maji ya limau. Sumu iko kwenye damu tayari, hakuna maji yatakayoifikia, na utajichubua bure. Kosa la pili ni kudhani kwamba ukishaitoa umepona. Kutoa kunazuia sumu isizidi kutengenezwa. Iliyokwisha kuingia inahitaji hospitali.

3. Pima joto kabla ya kumeza dawa yoyote. Weka kipimajoto kwapani, bana mkono, subiri kilie. Andika namba. Katika kuthibitisha ugonjwa huu madaktari hutumia nyuzi 38.9 na kuendelea, lakini wewe usisubiri ifike huko. Kuanzia 38, endelea na hatua zinazofuata kwa makini.

*Angalizo kubwa:* wengi wetu tukiwa kwenye hedhi tunameza parasetamoli au ibuprofeni kwa ajili ya tumbo. Dawa hizo hizo hushusha homa. Ukiwa umemeza ndani ya saa sita zilizopita na kipimajoto kinasoma 37.4, hiyo haikuambii kwamba uko salama. Andika dawa, kiasi na saa uliyomeza, kisha zitegemee dalili nyingine kuliko namba hiyo.

4. Angalia presha yako bila mashine. Kaa kitandani dakika mbili, kisha simama taratibu huku umeshika ukuta au mtu. Macho yakiingia giza, masikio yakivuma, au magoti yakilegea, kaa chini mara moja. Hiyo ni dalili ya presha kushuka, na katika ugonjwa huu ni ya kuogopwa kuliko homa yenyewe.

Ukiwa umekaa, bonyeza ukucha wa kidole cha kati kwa sekunde tano mpaka upauke, kisha achia. Rangi inatakiwa kurudi ndani ya sekunde mbili, yaani muda wa kusema "moja elfu, mbili elfu." Ikichelewa, na mikono ni ya baridi wakati kifua kinawaka, damu haizunguki vizuri. Kama una rangi ya kucha au hina, bonyeza nyama ya ncha ya kidole. Jiulize pia: nimekojoa lini mara ya mwisho? Tangu asubuhi mpaka jioni bila mkojo, au kidogo cheusi kama chai ya rangi, ni dalili nyingine ya kuandika.

5. Tazama ngozi mahali panaposema kweli. Hapa nataka tukae kidogo. Vitabu vinasema "upele mwekundu kama wa kuungua na jua." Maneno hayo yameandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe. Mwanamke mweusi akijitazama mkononi akitafuta wekundu, hataona kitu, atajiambia hana upele.

Washa tochi ya simu, au simama karibu na dirisha mchana. Anza na viganja, kisha nyayo. Huko ngozi yetu ni nyepesi na wekundu huonekana. Linganisha na viganja vya mtu mwingine aliye mzima, viwe ubavu kwa ubavu. Vuta kope ya chini kwa kidole: sehemu nyeupe ya jicho imekuwa nyekundu? Toa ulimi: umekuwa mwekundu mno, una vinundu kama stroberi? Midomo imewiva? Kisha pitisha nyuma ya mkono wako kifuani, tumboni na mapajani. Kwenye ngozi nyeusi upele huu unaweza kuonekana kama weusi uliozidi au uzambarau, tena umetandaa badala ya kuwa vidoto vidoto, na wakati mwingine huuoni kabisa ila unahisi joto lake. Ukeni nako kunaweza kuwa kwekundu na kuuma.

Usichanganye na harara za joto. Harara zina vipele vidogo vinavyowasha, hukaa kwenye mikunjo na shingoni. Upele wa mshtuko wa sumu umetandaa mwili mzima na kwa kawaida hauwashi sana.

Usisubiri ngozi ianze kubanduka. Hilo hutokea wiki moja hadi mbili baadaye, kwenye viganja na nyayo, kwa mtu ambaye tayari amenusurika.

6. Hesabu, kisha amua. Kwenye karatasi yako weka alama kwa kila unachokiona:

- homa ya ghafla, kutetemeka kwa baridi
- kutapika au kuharisha maji
- misuli kuuma vibaya, hasa mapaja na mgongo, kuliko maumivu yako ya kawaida ya hedhi
- upele uliotandaa, au macho na ulimi mwekundu
- kizunguzungu ukisimama, moyo kwenda mbio
- kuchanganyikiwa, kusinzia isivyo kawaida, kujibu mambo yasiyoulizwa
- koo kuuma, kichwa kuuma

Ulikuwa na kitu ndani hedhi hii, una homa, na una alama nyingine hata moja kati ya kutapika, kuharisha, upele, kizunguzungu au kuchanganyikiwa: nenda hospitali sasa hivi. Usisubiri asubuhi, wala mume arudi kutoka kazini. Kizunguzungu cha kuanguka au kuchanganyikiwa kunatosha hata bila homa. Ukienda na ikawa ni malaria, hujapoteza kitu, maana malaria nayo inahitaji tiba.

Una koo na kichwa tu, bila homa na bila dawa ya kuificha? Kaa na pedi, kunywa maji, rudia hatua ya 3 hadi ya 5 kila baada ya saa mbili, na usilale peke yako.

7. Nenda, na useme sentensi hii. Usipande bodaboda. Mtu mwenye presha iliyoshuka anaweza kuzimia barabarani. Chukua gari au bajaji, lala, miguu iwe juu kidogo kuliko kichwa. Aliyepoteza fahamu alazwe ubavu na asipewe chochote mdomoni. Kama uko Uingereza piga 999, Marekani 911, nchi za Umoja wa Ulaya 112. Huku kwetu chagua kituo chenye dripu na vitanda vya kulaza. Kama kilicho karibu ni zahanati, anza hapo, waombe wakuwekee dripu wakati wanaandaa rufaa.

Ukifika, kabla hujaulizwa, sema hivi:

"Daktari, niko kwenye hedhi siku ya nne. Nilikuwa na tamponi ndani, nimeitoa saa mbili asubuhi. Homa imeanza ghafla. Naomba mnichunguze kama ni mshtuko wa sumu wa stafilokokasi."

Badilisha siku, saa na kifaa viwe vyako. Jizoeze kuisema kwa sauti leo, ukiwa mbele ya kioo. Najua ni nzito, hasa kama aliyekuleta ni baba au kaka, na daktari ni mwanamume wa umri wa mjomba wako. Kama huwezi kuisema mbele yao, mwombe nesi mwende pembeni, au mpe karatasi. Binti ambaye hajaolewa na anaogopa kwamba neno "tamponi" litazua maswali ya ubikira, aseme hivyo hivyo: daktari ana wajibu wa kukutunzia siri.

Usishangae wakikulaza chumba cha wagonjwa mahututi. Tiba ni maji mengi ya dripu, dawa za kuua bakteria kupitia mshipa, mara nyingi ikiwemo klindamaisini ambayo hupunguza utengenezwaji wa sumu, na uangalizi wa figo, ini na damu. Vidonge vya kununua duka la dawa havifanyi kazi hiyo.

Ukikwama

*Siioni kamba ya tamponi.* Nawa, chuchumaa, sukuma kama unayetaka choo, ingiza kidole kimoja taratibu. Haiwezi kupotelea tumboni; uke una mwisho. Ikishindikana mara mbili, acha. Usitumie kibanio wala kijiko. Nesi ataitoa kwa dakika chache, na si jambo la kumshangaza.

*Kipimo cha malaria kimeonyesha nina malaria.* Inawezekana. Lakini tunakoishi mtu anaweza kuwa na vimelea vya malaria na ugonjwa mwingine siku hiyo hiyo. Sema sentensi yako hata hivyo, na uombe presha ipimwe kabla hujatoka. Namba ya juu ikiwa 90 au chini, usikubali kurudishwa nyumbani na vidonge tu.

*Niliitoa jana, homa imeanza leo.* Bado inahesabika. Fuata hatua zote.

*Natumia kikombe, nilidhani ni salama.* Ni salama kwa walio wengi. Huko Siaya, magharibi mwa Kenya, wasichana wa shule walifuatiliwa wakitumia vikombe na haikuonekana hata kesi moja. Ila duniani zimeripotiwa kesi chache za watumiaji wa vikombe, na mwaka 2018 watafiti wa Lyon, Ufaransa, walionyesha maabara kwamba bakteria huyu hushika kwenye kikombe na kutengeneza sumu. Kimwage na kukiosha kwa muda ulioandikwa kwenye maelekezo yake, usizidishe saa 12. Kichemshe kabla na baada ya kila hedhi, kikiwa kinaelea kwenye maji mengi ili kisiungulie kwenye sufuria.

*Tamponi nibadilishe baada ya muda gani?* Saa nne hadi nane, kamwe zisizidi nane. Chagua yenye ufyonzaji mdogo kabisa unaokutosha. Ikitoka kavu na kukwaruza, ni kubwa kwako. Usiku vaa pedi.

*Sina hela ya pedi, huwa naweka pamba au kipande cha sponji ndani.* Mdogo wangu, acha leo. Vipande hubaki ndani bila wewe kujua, na havina kamba ya kuvuta. Kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa na kuvaliwa nje, kikafuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani, ni salama kuliko chochote cha kubahatisha ndani.

*Situmii chochote cha ndani, pedi tu, lakini dalili ninazo.* Pedi hukaa nje na hazihusiani na aina hii. Ila mshtuko wa sumu hutokea pia kwa aliyejifungua karibuni, aliyetokwa na mimba, aliyefanyiwa upasuaji, aliyeungua au mwenye jeraha lililoingia bakteria. Nenda hospitali, utaje hilo badala ya tamponi.

*Nimepona. Hedhi inayofuata nitumie nini?* Pedi au kitambaa. Kupona hakukupi kinga ya uhakika, na ugonjwa huu hurudi kwa baadhi ya wanawake, mara nyingi ndani ya miezi michache ya mwanzo. Tamponi na kikombe achana navyo kabisa, na ukienda kwa daktari mpya kwa ajili ya uzazi wa mpango mwambie umewahi kuugua, maana hata kiwambo cha kuzuia mimba kinachowekwa ukeni hakikufai. Viganja vikianza kubanduka usivibandue kwa kucha. Paka mafuta mazito usiku, vaa soksi miguuni. Nywele zikidondoka au kucha zikitoka miezi miwili mitatu baadaye, usidhani umerogwa wala kwamba ugonjwa umerudi. Ni mwili unamalizia, na zitaota tena.